Wanagombana, Kisha Wanapiga

Wanangu, kuna kipande cha video ambacho mkikitazama harakaharaka mtasema hakina maana. Hakina rangi, ni cheusi na cheupe tu. Sauti yake inakwaruza. Kina nyimbo 3, na kati ya wimbo na wimbo wanamuziki wenyewe wanagombana mbele ya watu waliokuja kuwasikiliza. Mimi nakipenda kuliko filamu nyingi za muziki zilizotengenezwa kwa fedha nyingi, na leo nataka niwaonyeshe namna ya kukitazama.

Kilirekodiwa New York mwezi Septemba 1974, katika ukumbi mdogo ulioitwa CBGB, mtaa wa Bowery. Msifikirie New York ya maghorofa ya vioo. Katika Bowery ya miaka ile walevi na watu wasio na makazi walilala vibarazani, na juu ya ukumbi huo palikuwa na gesti ya bei ya chini kabisa, ya watu waliokwisha kuishiwa. Mwenye ukumbi, Hilly Kristal, aliufungua mwishoni mwa 1973 akitaka pawe mahali pa muziki wa country na blues. Wapigaji wa muziki huo hawakumjia. Waliomjia ni vijana wenye magitaa na nywele ndefu, ambao hakuna ukumbi mwingine uliowataka. Akawakubali kwa sharti moja: kila bendi ipige nyimbo zake yenyewe, marufuku kukopi za wengine. Kwa maoni yangu, sharti lile lilifanya kazi kubwa kuliko chombo chochote kilichokuwa mle ndani.

Bendi tunayoitazama inaitwa Ramones. Ni vijana 4 kutoka Forest Hills, upande wa Queens. Wote wanatumia jina la ukoo Ramone, lakini hawana udugu wowote, walijipachika tu. Johnny anapiga gitaa. Alikuwa kibarua wa ujenzi, na gitaa lake alilinunua kwa dola 50 hivi. Dee Dee anapiga besi. Joey, mrefu karibu mita 2, anaimba. Nyuma yao, kwenye dramu, yuko Tommy, aliyezaliwa Budapest, Hungaria.

Tommy hakukusudia kupiga dramu hata kidogo. Alikuja kuwa msimamizi wa bendi. Kwenye onyesho lao la kwanza, Machi 1974, aliyekaa kwenye dramu alikuwa Joey, lakini kasi ya wenzake ikamzidi, ndipo akasogezwa mbele akashika kipaza sauti. Wakaanza kuwajaribu wapiga dramu wengine. Kila aliyekuja alitia madoido na mbwembwe, wakati wao walitaka mapigo ya moja kwa moja tu. Tommy alipochoka kuwaeleza, akakaa mwenyewe kuwaonyesha, akabaki hapohapo. Kwa hiyo mnaowaona kwenye video wana miezi michache tu pamoja katika nafasi hizo.

Sasa tazameni mara ya kwanza mkiwa na kazi moja: mkono wa kulia wa Johnny. Mpiga gitaa wa kawaida huchapa nyuzi akishuka na kupanda, ndiyo njia nyepesi. Johnny anachapa akishuka tu. Chini, chini, chini, kwa kasi ya kuchosha macho, wimbo mzima. Jaribuni kupiga meza namna hiyo kwa dakika 2 bila kupunguza mwendo, mtajua mkono unavyowaka. Mlio mzito ule, unaovuma bila kuacha upenyo, unatoka katika mchapo huo. Wanangu mliozoea dansi mtauliza: solo liko wapi? Halipo. Wimbo unaanza, unakwenda, unakatika. Mmojawapo kati ya nyimbo zile 3 haufiki hata dakika 2.

Mara ya pili, tazameni ugomvi. Wimbo umekwisha, makofi ni ya kuhesabika, na pale mlipotegemea mwimbaji aseme neno zuri kwa wageni, mambo yanaharibika. Huyu anataka wimbo huu, yule anataka ule. Wanazozana waziwazi, kama vile ukumbi hauna mtu. Kisha ghafla inasikika hesabu ya moja hadi nne, na wote wanaingia kwa pamoja kwa nguvu ileile, pasipo hata mmoja kuchelewa.

Hapo ndipo ninapowataka msimamishe video mrudie tena. Watu ambao nusu dakika iliyopita hawakuweza kukubaliana wapige wimbo gani, mikono yao inajua kabisa kazi yake. Mpangilio wa onyesho hawana, lakini mazoezi wameyafanya, na masikio yanayosikiliza yatausikia ukweli huo. Filamu ya kitaalamu ingeukata ugomvi ule. Mhariri angeona aibu kwa niaba yao, angeunganisha wimbo na wimbo, na sisi tungeletewa bendi iliyokamilika ambayo siku hiyo haikuwepo.

Mnaweza kushangaa kwa nini picha yenyewe ni duni hivyo. Mwaka 1974 hapakuwa na simu ya kurekodi. Mtu asiye na studio aliyetaka kupiga video alibeba kamera iliyounganishwa kwa waya na mashine ya mkanda wa duara, aliyoining'iniza begani. Ilikuwa nzito, na mkanda haukuwa wa saa nyingi. Kamera za aina ile zilitegemea mrija wa kioo uliokuwa ndani yake wa kupokea picha, na mwanga mkali ukiupiga, picha huacha mkia mweupe kila kitu kinaposogea. Ukumbini mlikuwa na giza na taa chache za jukwaani. Aliyerekodi alilazimika kuchagua, nani aingie kwenye picha na nani aachwe.

Mwaka uliofuata, katika ukumbi huohuo, mpiga video Pat Ivers alianza kurekodi bendi, na baadaye akashirikiana na Emily Armstrong. Walikesha na kamera usiku baada ya usiku, wakarekodi bendi zaidi ya 100. Kanda zao leo zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha New York. Na kuhifadhi kanda si kuiweka kabatini ukasahau. Gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye mkanda hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kunata. Ukiucheza hivyohivyo, mkanda unabanduka na picha inapotea. Kwa hiyo mafundi huupasha mkanda joto dogo kwa saa nyingi ili ukauke, kisha huucheza upesi na kuuhamishia kwenye kompyuta kabla haujaanza kunata tena.

Mnajua yaliyofuata kwa Ramones? Aprili 1976 walitoa albamu yao ya kwanza: nyimbo 14 katika dakika 29 hivi, iliyogharimu dola 6,400 kuirekodi. Julai mwaka huo walipiga London, na vijana wa huko waliokuwa wakianzisha bendi zao wenyewe wakaenda kuwasikiliza. Albamu haikuuzika sana. Iliuzika polepole mno, hata cheti cha Marekani cha nakala 500,000 kikaja mwaka 2014. Bendi iliendelea kuzunguka na kupiga hadi Agosti 1996, maonyesho 2,263 kwa jumla. Joey alifariki 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004, na Tommy 2014. CBGB ilifungwa Oktoba 2006.

Kwa hiyo mtu akitaka kuwaona wale vijana 4 kabla dunia haijawajua, wakiwa bado hawajui waanze na wimbo upi, pa kwenda ni kwenye mkanda ule wenye mikwaruzo. Ulirekodiwa na mtu aliyeona wanastahili kurekodiwa wakati karibu hakuna mwingine aliyeona hivyo.

Nanyi shuleni kwenu au mtaani kwenu pana bendi, kwaya au kikundi kinachofanya mazoezi chini ya mti, na baadhi yenu mna simu. Warekodini. Acheni kamera iendelee hata wanapokosea na wanapobishana. Kisha andikeni tarehe, mahali na majina ya wote waliomo, na mpeleke nakala kwa mtu mwingine aitunze, kwa sababu simu hupotea.