Fahamu: Fangasi ya uume na magonjwa yanayofanana nayo

Tangu WHO ilipotangaza mpoksi kuwa dharura ya kimataifa, Agosti 14, 2024, upele sehemu za siri hauchukuliwi tena kimzaha nchini Kongo, Lubumbashi ikiwemo. Hata hivyo, wekundu unaowasha kwenye kichwa cha uume, wenye vidoa vidogo na utando mweupe chini ya govi, mara nyingi ni fangasi aina ya kandida.

Tutuko huanza na malengelenge yanayochoma. Kaswende kwa kawaida huleta kidonda kimoja, kigumu, kisichouma. Mpoksi huja na vipele, homa na mitoki kinenani. Lakini si kila mgonjwa anafuata kitabu.

Ndiyo maana maabara inahitajika. Mpimaji hupangusa utando kwa pamba, huuweka kwenye kioo na kuudondoshea dawa inayoyeyusha seli za ngozi. Darubini huonyesha nyuzi za fangasi zilizobaki.

Balaa ni mafuta yenye steroidi yanayopakwa kabla ya vipimo. Wekundu hupungua, fangasi ikinawiri chini kwa chini, na daktari hupokea picha iliyovurugika. Fangasi ikirudi kila mara, pima sukari: wapo wanaogundua kisukari hapo.