Nywila ya kompyuta pekee hailindi nyaraka

TUCHUKUE ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga huko Madibira, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Majina ya wanachama, mashamba yao na madeni ya pembejeo yamo kwenye kompyuta yenye nywila ya kuiwashia. Je, yako salama? La. Mwizi akichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, atasoma kila kitu, isipokuwa mafaili yaliyosimbwa.

Kusimba ni kugeuza maandishi kuwa fumbo lisilofunguka bila ufunguo. Programu ya Word, tangu toleo la 2007, husimba kwa mfumo imara wa AES. Mafaili ya zamani ya .doc kwa kawaida yalitumia ufunguo wa biti 40, ambao leo huvunjwa kwa urahisi. Hivyo, yahifadhiwe upya kama .docx, yapewe nywila ndefu (isiyobandikwa ukutani, kama tunavyoona katika ofisi nyingi) na nakala za awali zifutwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa hizo azilinde. Lakini nywila ya faili lililosimbwa ikisahauliwa, hata Microsoft haiwezi kuirejesha. Iandikwe karatasini na kufungiwa kabatini, mbali na kompyuta.