Chulebuni: Tuiwahi Kabla ya Mvua

Ndugu wakulima wa kahawa, mti unaweza kuwa na majani mazuri na kujaa matunda mabichi, na bado tukakosa mavuno. Matunda yanaota madoa meusi, yanakauka, yanaanguka. Wengine husema ni mvua. Wengine husema ni jicho la jirani. Kumbe ni ugonjwa, nao unaitwa chulebuni.

CHULEBUNI NI NINI?

Chulebuni huletwa na kuvu, yaani aina ya ukungu. Ni kama ule ukungu tunaouona juu ya ugali uliolala siku nyingi. Kuvu hii hupenda baridi na unyevu, ndiyo maana huwasumbua zaidi wakulima wa milimani.

Ugonjwa huu ulionekana Kenya mwaka 1922. Tanzania ulionekana mwaka 1964. Mvua zikiwa nyingi na mkulima asipochukua hatua, unaweza kula zaidi ya nusu ya matunda. Hizo ni sare za watoto na bati za nyumba, zinaozea juu ya mti.

TUUTAMBUEJE?

Tazama matunda mabichi. Utaona doa jeusi lililobonyea. Doa hukua mpaka tunda zima likaoza. Mengine huanguka, mengine hukauka yakabaki mtini.

Tusiuchanganye na kutu ya majani. Kutu huonekana chini ya jani kama unga wa rangi ya chungwa. Majani hupukutika, na mti hukosa nguvu ya kuzaa vizuri mwaka unaofuata. Kutu nayo huletwa na kuvu, lakini hupenda zaidi sehemu za chini zenye joto.

UNAENEAJE?

Tone la mvua hupiga tunda bovu, kisha huruka na mbegu za kuvu mpaka kwenye tunda zima. Mbegu hizo ni ndogo mno, hatuwezi kuziona kwa macho. Basi, tunda bovu linalobaki mtini ni ghala la ugonjwa.

TUFANYE NINI?

1. Tukimaliza kuvuna, tuchume masalia yote. Tuyachome moto au tuyafukie.

2. Tupogoe. Tuondoe maotea na tupunguze kivuli kikizidi. Upepo na jua vikipita, unyevu hukauka upesi.

3. Tupige dawa mapema. Dawa ya shaba hulifunika tunda kama mwavuli. Haifufui tunda lililokwisha oza. Kwa hiyo tuanze kabla mvua hazijakolea, halafu turudie kama bwana shamba au bibi shamba anavyoelekeza, maana mvua huiosha dawa. Tusome maandishi ya kwenye pakiti: dawa kiasi gani, maji kiasi gani. Hapa ndipo kisomo chetu kinapolipa! Tusikisie kwa kiganja. Tuvae glovu, buti na nguo za mikono mirefu, na tusichanganye dawa katika ndoo ya maji ya kunywa.

4. Tupande aina mpya. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoko Lyamungu, Kilimanjaro, imetoa aina za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu. Kenya walitoa Ruiru 11 mwaka 1985. Aina hizi hupunguza gharama ya dawa. Huwezi kubadilisha shamba zima? Badilisha mistari michache kila mwaka.

TUSHIRIKIANE

Mmoja akipogoa na mwenzake akaacha matunda mabovu mtini, ugonjwa haumaliziki. Tukubaliane kijijini siku za kuchuma masalia, kila mtu shambani kwake. Aliye mzee au mgonjwa tumsaidie. Kufanya hivyo ni kuokoa kahawa yake na yetu pia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini dawa haisaidii tunda lililokwisha oza?

2. Chulebuni na kutu ya majani hutofautianaje?

3. Je, kuna masalia mtini shambani kwako leo?