MTOTO ANAHARISHA, MBONA ANAHEMA?

Mtoto aliyeharisha sana huweza kuhema kwa nguvu, pumzi ndefu za haraka, wala hakohoi. Wengine husema, "Ah, kifua hicho," wakampaka mafuta. Kumbe shida huenda iko kwenye damu.

Damu ina kipimo cha asidi kiitwacho pH. Mwenye afya ana 7.35 hadi 7.45. Namba ikishuka, asidi imezidi. Kuharisha hutoa maji pamoja na bikaboneti, chumvi inayopunguza asidi. Basi mwili hujitetea kwa kuhema: hewa ya ukaa ikitoka nje, asidi nayo hupungua.

Hospitali kubwa hupima damu ya mshipa wa ateri. Wakikuta pH, bikaboneti na hewa ya ukaa zote zimeshuka, wanajua mapafu yanasaidia tu. Kama mapafu ndiyo yangeshindwa kazi, hewa ya ukaa ingepanda.

Tusingoje kufika huko. Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, aendelee kunyonya. Akihema hivyo, au ukidhani ni homa ya mapafu, mpeleke zahanati mara moja. Njiani, kama anaweza kumeza, endelea kumnywesha.