Sauti ya Kanda Ina Njia Yake

Je, wajua kuwa ndani ya kanda ya video picha na sauti zaweza kukaa mbalimbali? Utepe wa VHS una upana wa milimita 12.7. Picha huandikwa kwa mistari ya mshazari katikati yake, na sauti ya kawaida huandikwa pembezoni, kwenye ufito wa kiasi cha milimita moja. Picha husomwa na vichwa vilivyopachikwa kwenye ngoma ndogo ya chuma inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Sauti ina kichwa chake kilichotulia tuli pembeni. Kichwa hicho kikishika uchafu, utawaona wanawake wakipiga vigelegele na usisikie kitu.

Video8, kanda ndogo ya kamera za mkononi za miaka ya 1980 na 1990, ni tofauti. Humo sauti huandikwa na ngoma ileile inayoandika picha. Kwa hiyo ukiinakili Video8 kwenye kompyuta na picha ikawa safi lakini kimya, usiilaumu kanda haraka. Mara nyingi sauti imo, ila imekwama njiani kuelekea kwenye kompyuta.

Tuseme uko Konde, kisiwani Pemba, na umetoa kabatini kanda ya harusi, au ya mchezo wa ng'ombe. Mchezo huo bila zumari na ngoma ni watu wanaokimbizana na mnyama tu. Na bibi anayemuusia mwari kwa Kipemba chake cha asili, akiwa kimya, atamfaa nini mjukuu? Sauti hiyo inastahili kutafutwa kwa subira.

Anzia kwenye kamera yenyewe. Chomeka hedifoni kama ina tundu lake, au iunganishe na televisheni. Ukisikia, kanda na kamera ni nzima, na kosa liko mbele.

Sasa zitazame nyaya. Plagi ya njano hubeba picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Kamera yenye sauti moja huitoa kwenye nyeupe peke yake, na hapo kusikia upande mmoja si ubovu. Wengine hutumia waya wa S-Video, wenye pini nne, kwa kuwa picha yake ni safi zaidi. Waya huo haubebi sauti hata chembe, ni lazima uchomeke na nyeupe na nyekundu. Mtego mkubwa ni waya wa kamera wenye plagi moja nyembamba iliyogawanyika sehemu nne. Watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wa sehemu hizo, hivyo waya wa kuazima waweza kuleta mvumo, au kimya. Ukiona picha inatokea kwenye plagi nyekundu badala ya njano, umempata mwizi.

Kwenye kompyuta, kifaa cha USB cha kunasia video, kinachopokea nyaya hizo, huhesabiwa kuwa vitu viwili: kimoja cha picha, kingine cha sauti. Programu ya kurekodi yaweza kuchagua picha kutoka kwenye kanda na sauti kutoka maikrofoni ya kompyuta, ikakurekodia majogoo ya uani. Chagua vyote viwili kwa mkono wako. Windows nayo huichukulia sauti hiyo kama maikrofoni, basi ingia kwenye mipangilio ya faragha uiruhusu programu kuitumia. Na programu kama OBS huweza kuinasa sauti bila kuitoa kwenye spika. Tazama mstari wa kipimo cha sauti: ukichezacheza, sauti inaingia.

Kanda yenye ukungu mweupe, jambo la kawaida kwenye unyevu wa kisiwani, usiicheze kabla haijasafishwa, kwani ukungu huo huhamia kwenye vichwa na kuchafua kanda zinazofuata.

Rekodi dakika mbili kwanza, usikilize, ndipo uendelee. Na kanda ya asili usiitupe wala kurekodi juu yake kabla hujaisikiliza nakala yote, mwanzo hadi mwisho.