Kuhariri Hadithi ya Mwenzako Bila Kumcheka

Malori yaendayo mpakani Tunduma hupita Mpemba usiku na mchana. Katika Wilaya ya Mbozi, iliyo jirani, kipo kimondo kilichoanguka kutoka angani zamani za kale: pande la chuma na nikeli lenye urefu wa meta zipatazo 3, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Mwanafunzi wa sekondari wa Mpemba atakaye kutunga hadithi ya kisayansi hana haja ya kuazima maajabu ya mbali.

Mathalani, mwanafunzi huyo aandike kwamba wezi walikuja usiku na lori la tani 7, wakakipakia kimondo kwa mikono, wakavuka mpaka kabla ya mapambazuko. Kisha ampe mwenzake daftari alisome. Mwenzake akiandika pembeni "Upuuzi!", hadithi itatupwa na hakuna atakayekuwa amejifunza kitu. Lakini akiuliza, "Kimondo kina tani 16, lori hili litakibebaje?", mtunzi atarudi kwenye hesabu. Huenda akaona kwamba wezi hawana budi kukikata vipande. Chuma kilichochanganyika na nikeli ni kigumu. Msumeno unakwama, saa zinakwenda, jogoo anawika. Kosa la fizikia limegeuka kuwa kiini cha kisa.

Hiyo ndiyo faida ya wanafunzi kuhaririana. Kazi huenda vizuri hadithi ikisomwa mara tatu. Mara ya kwanza husomwa bila kalamu, na msomaji hueleza ni wapi alipovutwa na ni wapi alipochoka. Mara ya pili husomwa kwa jicho la sayansi. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni jambo geni, lakini akishalibuni sharti alifuate hadi mwisho, na mengine yote yatii kanuni zinazojulikana. Mlipuko utokeao Mwezini hausikiki, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kupitisha sauti. Na mzigo huko huwa mwepesi mara sita kuliko hapa duniani. Mara ya tatu huangaliwa lugha na tahajia. Katika hatua zote, mhariri huuliza na mwenye hadithi huamua.

Hata watunzi mashuhuri walihitaji jicho la pili. Mwaka 1901 H. G. Wells alichapisha kisa cha safari ya Mwezini kwa kutumia kitu cha kubuni kizuiacho nguvu za uvutano. Jules Verne alilalamika kwamba kitu hicho hakipo. Lakini Verne mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1865, aliwarusha wasafiri kwa mzinga, na kishindo chake kingewaua papo hapo. Aghalabu kosa la mwenzako huonekana upesi kuliko lako.

Hata hivyo, uhariri ukigeuka dhihaka hudhuru. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, ambaye jina lake lafanana na la mahali hapa ingawa alikuwa akisoma Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyoachwa yapoe. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne swali lilelile, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, bali alikwenda kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu yake, na wanasayansi wangali wanalijadili hadi leo.

Mwalimu anaweza kuanza kwa kipindi kimoja tu: hadithi ya kurasa mbili, wasomaji wawili, na maswali matatu kutoka kwa kila msomaji. Neno "haiwezekani" lisikubaliwe mpaka aliyelitamka aonyeshe hesabu yake.