Saratani ya Wazee Yawafikia Vijana

Tabibu Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Uganda kwa miaka mingi kabla ya kurejea London mwaka 1966, alirudi na mushkili mmoja: kwa nini saratani ya utumbo mpana, iliyowaua Waingereza kwa maelfu, ilikuwa nadra mno katika wodi za hospitali ya Mulago? Jawabu lake la mwaka 1971, kwamba makapi ya chakula cha Mwafrika huusafisha utumbo upesi, ilhali unga mweupe wa Mzungu hukawia humo na kuudhuru, halijabatilishwa. Ila halitoshi tena.

Halitoshi kwa kuwa maradhi yenyewe yamegeuza tabia. Uchunguzi wa nchi 50 uliotolewa mwishoni mwa 2024 ulionyesha kuwa miongoni mwa Waingereza wa umri wa miaka 25 hadi 49 maradhi haya yamekuwa yakiongezeka kwa wastani wa asilimia 3.6 kila mwaka. Tusitishane bure, wagonjwa walio wengi wangali ni wazee. Walakini hatari hii, ajabu yake, yafuata mwaka aliozaliwa mtu, na kinachofuata mwaka wa kuzaliwa aghalabu kilianza utotoni.

Ndipo wataalamu walipozichungua chembe za urithi za saratani 981 kutoka nchi 11, wakakuta, kama walivyoeleza mwaka 2025, alama za kolibaktini, sumu itolewayo na baadhi ya bakteria wa utumboni, zikiwa mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko waliougua baada ya 70. Alama hizo, kwa kadirio lao, hupigwa kabla mtoto hajatimiza miaka 10. Mimi naiona dalili hii kuwa nzito, lakini si hukumu: sumu kupita mahali si sawa na sumu kuua, wala haijaelezwa ni kipi kilichowastawisha bakteria hao, dawa za kuua vijidudu au vyakula vya viwandani.

Deborah James, mwalimu mzaliwa wa London asiyekula nyama kwa miaka mingi, aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2016 akiwa na miaka 35, akafariki Juni 2022. Mfuko aliouanzisha sasa wachangia utafiti wa PROSPECT, ulioanza 2024 kutafuta sababu za saratani hii kwa vijana. Kipimo cha choo cha kuisaka saratani hii, ambacho Uingereza humpelekea mtu nyumbani kwa posta, huanza kumfikia atimizapo miaka 50; aliye chini ya hapo akiona damu chooni hana barua ya kungojea, sharti aende kwa daktari mwenyewe.